Milimita 145 za Mpwa Wangu

Jumamosi iliyopita dada yangu alikuwa jikoni akikaanga mihogo, mpwa wangu yuko sebuleni na kompyuta, nami nimejinyoosha kwenye kochi nasubiri chai. Mara nikasikia kofi juu ya meza.

"Mjomba, hebu njoo uone! Mzinga wangu unatoboa milimita 145. Bamba la mbele la Panther ni milimita 80 tu. Nimempiga katikati kabisa, na risasi imedunda!"

Nikainuka kwenda kuangalia. Alikuwa anaendesha Tiger, kifaru cha Kijerumani chenye mzinga wa milimita 88, katika gemu la World of Tanks, na Panther aliyoipiga ni kifaru kingine cha Kijerumani. Namba 145 ilikuwa pale kwenye maelezo ya mzinga, imeandikwa wazi kama bei dukani. Kijana alikuwa na haki ya kulalamika. Ukitoa 80 kwenye 145 zinabaki 65. Kwa hesabu hiyo risasi ilitakiwa ipite na chenji ibaki.

Mimi ni fundi mkereza. Asubuhi hadi jioni kazi yangu ni kukata chuma kwa chuma, na usiku, kwa miaka mingi sasa, nasoma habari za vifaru vya Vita Kuu ya Pili. Swali la mpwa wangu ndilo lililoniingiza mimi mwenyewe katika masomo haya, kwa hiyo sikutaka kumjibu juu juu. Nikaenda jikoni nikaomba mhogo mmoja mbichi na kisu.

Nikaukata wima. Kikatoka kipande cha duara, kama sarafu. Nikaukata tena, safari hii mshazari. Kikatoka kipande kirefu kama ulimi wa ng'ombe. Mhogo ni uleule na unene wake ni uleule, ila kisu kimesafiri njia ndefu zaidi hadi kutokea upande wa pili. Bamba la mbele la Panther lina unene wa milimita 80 kweli, lakini halikusimama wima. Limelazwa nyuma kwa digrii 55. Risasi inayokuja sambamba na ardhi inakuta karibu milimita 140 za chuma mbele yake. Halafu nikamwonyesha kwenye kioo: adui wake alikuwa amegeuza mwili kidogo, hakumtazama uso kwa uso. Ukiugeuza mwili kwa digrii 30, mshazari unakuwa wa pande mbili kwa mpigo, na zile milimita 80 zinafika 161.

"Mia arobaini na tano haifiki mia sitini na moja," nikamwambia.

Akakipimapima kile kipande cha mhogo kwa vidole. "Kwa hiyo ile 80 ni ya uongo?"

"Ni ya kweli kwa fundi anayepima bamba kwa rula karakanani. Kwa risasi ni habari nyingine."

"Na 145 je?"

Hapo ndipo penye kazi. Pembe mtu anaielewa kwa mhogo mmoja. Namba ya kutoboa, ile inayoandikwa kwenye kila gemu na kila jedwali la vita, ina mambo mengi nyuma yake, na wachezaji wengi wanaibeba kama ahadi. Naandika makala hii kwa sababu hiyo. Ile namba ni taarifa ya majaribio fulani, ya bamba fulani, lililowekwa kwa pembe fulani, na watu waliokuwa wamekubaliana kwanza nini kihesabiwe kuwa kutoboa. Ukiitoa hapo ukaipeleka vitani, au hata kwenye jedwali la jeshi jingine, haina tena uhakika ule.

Jaribio lenyewe linakwenda hivi. Bamba la chuma linasimamishwa kwenye fremu nzito uwanjani. Mzinga unawekwa karibu, maana ukiwa mbali sana risasi nyingi zingelikosa. Ili kupata nguvu ya risasi iliyokwisha safiri kilomita moja, mafundi wanapunguza baruti ndani ya ganda mpaka mwendo ulingane na ule wa umbali huo. Wanapiga, wanatazama mgongo wa bamba, wanaandika. Wanapiga tena. Kuna risasi inayopita, kuna inayonasa katikati, na kuna inayoacha uvimbe upande wa nyuma, bamba likiwa limepasuka nyufa zinazopitisha mwanga. Je, hiyo ya nyufa imetoboa au haijatoboa?

Kila jeshi lilikuwa na jibu lake. Wajerumani walitaka risasi ipite ikiwa nzima, bado na uwezo wa kulipuka ndani, kwa sababu risasi yao ya kawaida ilibeba baruti kidogo tumboni. Tena walilaza bamba kwa digrii 30 kabla ya kupiga. Kwa masharti hayo mzinga wa Tiger ulipewa milimita 110 kwa mita 500, milimita 100 kwa mita 1,000, na 84 kwa mita 2,000. Wamarekani walitafuta mwendo ambao nusu ya risasi zinapita na nusu zinagoma. Wasovieti, kwa namba yao ya uhakika, walidai risasi kama 80 katika kila 100 zipite. Kwa hiyo mtu akichukua namba ya Kimarekani akaiweka kando ya namba ya Kisovieti na kusema "hii ni kubwa, basi mzinga huu ni bora", amelinganisha vipimo viwili tofauti vyenye jina moja. Mkulima wa viazi wa Njombe hahitaji kufundishwa jambo hili. Gunia ni gunia kwa maneno, lakini yeye anaijua lumbesa, na anajua nani anapoteza watu wakijifanya ni kitu kimoja.

Kuna mahali pamoja ambapo haya yote yalikutana kwa siku chache, na mimi hupenda kuparejea. Ni mji mdogo wa Isigny, Normandy, kaskazini mwa Ufaransa. Wamarekani walishuka pwani hiyo Juni 1944 wakiamini kwamba mzinga wao mpya wa milimita 76 ungetosha kwa vifaru vya Wajerumani. Kwenye karatasi ulitosha. Walipoanza kukutana na Panther kwa wingi, habari kutoka mstari wa mbele zilikuwa mbaya: risasi zinagonga uso wa kifaru kile na kuruka juu kama jiwe lililorushwa juu ya maji. Basi Julai na Agosti wakachukua Panther walizoziteka, wakazipanga shambani karibu na Isigny, wakazipiga kwa kila walichokuwa nacho, ukiwemo mzinga wa Kiingereza wa pauni 17 (Waingereza waliita mizinga yao kwa uzito wa risasi).

Matokeo yalikuwa machungu. Mzinga wa 76 ulishindwa kupita bamba la juu la mbele hata kwa umbali wa mita 200 hivi. Ule wa Kiingereza, kwa risasi yake maalumu inayovua koti angani na kubaki na moyo mwembamba wa kabaidi ya wolframi, kitu kigumu na kizito kuliko chuma, uliweza kupita, lakini risasi hiyo ilikuwa inapotea njia. Hukujua itaangukia wapi. Maofisa wakaandika ripoti yao kwa lugha kavu ya kijeshi. Nikiisoma nawaza mpigaji mzinga aliyekuwa ndani ya Sherman, kifaru cha Kimarekani, wiki hizo, kijana wa miaka ishirini, ambaye aliambiwa mzinga wake unaweza.

Kilichonikamata zaidi katika majaribio yale ni habari ya chuma chenyewe. Zile Panther zilizopigwa hazikuwa sawa. Moja ilivumilia vipigo vingi bila kupasuka. Nyingine zilichanika nyufa baada ya vipigo vichache tu. Mchoro ni uleule, unene ni uleule, mwinamo ni uleule, na bado bamba moja lilikuwa bamba na jingine lilikuwa kama chungu. Kufikia 1944 Ujerumani ilikuwa imeishiwa madini ya kuchanganya na chuma, hasa molibdeni, na mabamba mengine yalitoka kiwandani yakiwa magumu lakini yanavunjika kirahisi. Sasa, jedwali gani litakuambia kifaru kilicho mbele yako kilitoka kwenye tanuri la siku nzuri au la siku mbaya?

Mtu asiyefanya kazi ya chuma hudhani ugumu na uimara ni kitu kimoja. Sisi mafundi tunajua kwa mikono. Chukua tupa ulipitishe juu ya chuma laini: linauma, linatoa unga, unahisi linashika. Lipitishe juu ya chuma kigumu sana: linateleza na kulia kama kucha juu ya kioo. Chuma hicho kigumu ukikidondosha sakafuni kinaweza kukatika vipande viwili, na kile laini kitapata doa tu. Mabamba ya kifaru cha T-34 cha Wasovieti yalikuwa ya aina ile ngumu. Yalizikataa risasi ndogo vizuri sana, lakini risasi kubwa ikigonga, hata bila kupita, upande wa ndani ungeweza kumeguka na vigae vya chuma vikawarukia waliokaa humo. Bamba halijatobolewa, na mtu ameshaumia. Kwenye jedwali hiyo inahesabiwa kwamba risasi imeshindwa.

Risasi nayo ina mambo yake. Ile ya Tiger ilikuwa na uzito wa kilo 10.2 na ilitoka mdomoni kwa mwendo wa mita 773 kwa sekunde. Nilipiga hesabu ya nishati yake nikaibadilisha iwe kitu ambacho mtu amewahi kukiona barabarani: ni sawa na basi la tani 15 linalokwenda kilomita 73 kwa saa. Sasa chukua basi hilo, na abiria na mizigo, ulisukume lote lipite mahali penye upana wa mdomo wa kikombe cha chai. Ndicho linachokutana nacho bamba.

Njia moja ya kuongeza nguvu ni kuongeza mwendo na kupunguza upana wa ncha. Wamarekani walifanya hivyo kwa mzinga wa 76. Risasi ya kawaida iliondoka kwa mita 792 kwa sekunde. Mpya, yenye moyo wa kabaidi ya wolframi ndani ya koti jepesi, iliondoka kwa mita 1,036. Hapa nazungumza habari za kitu ninachokishika kila siku. Ncha ya kisu changu cha kukerezea ni kabaidi ya wolframi ileile. Ni kidude kidogo, kinakaa juu ya ukucha wa kidole gumba, lakini ukikishika unashangaa uzito wake, karibu mara mbili ya chuma cha ukubwa huo. Nikikibana vizuri kwenye mashine, kinachuna chuma kama unavyomenya chungwa, utepe unatoka wa moto, unageuka rangi ya buluu ukiwa bado unajikunja. Nikikosea kidogo, chuma kikiruka au nikilisha haraka mno, kinasema "tik" na nusu yake imeondoka. Hakipindi kwanza ili kikuonye. Miezi michache iliyopita nilivunja viwili kwa asubuhi moja kwenye ekseli iliyokuwa na doa gumu la kulehemu, na hadi leo vipande vyake viko kwenye kopo la dirishani. Nilivileta nikamwekea mpwa wangu kiganjani.

"Hiki ndicho kilichokuwa ndani ya risasi zile mnazoziita za dhahabu kwenye gemu," nikamwambia. Akakigeuzageuza. Kingo zake zilizovunjika zinakata kama chupa.

Tabia hiyo ya kabaidi ilionekana vitani vilevile. Kwenye bamba lililosimama wima inapita kwa namna ya ajabu. Kwenye bamba lililolala sana, ncha inagonga kwa ubavu, inasukumwa pembeni, inakatika. Ndiyo maana risasi iliyokuwa na namba kubwa zaidi kwenye jedwali ingeweza kushindwa mbele ya uso wa Panther.

Halafu kuna upungufu. Kwenye gemu, mwenye salio anajaza kifaru kizima risasi za aina hiyo. Mwaka 1944 kikosi cha Kimarekani kilichobahatika kilipata raundi moja au mbili kwa kila kifaru, na mpigaji aliiweka pembeni akisubiri siku ya shida. Wajerumani walikuwa na hali mbaya zaidi. Wolframi yao kubwa ilitoka Ureno na Hispania, ambako Waingereza na Wamarekani nao walikuwa wakiinunua ili adui asiipate, na Juni 1944 Ureno ikasimamisha kuiuza kabisa. Hata kabla ya hapo Ujerumani ilikuwa imekwisha kupunguza sana risasi za wolframi, kwa sababu viwanda vilihitaji madini hayo kwa visu vya kukatia chuma. Nikifikiria hilo huwa natulia kidogo. Mahali fulani ofisini mtu alipima kati ya kisu cha fundi mkereza na moyo wa risasi, akaamua kisu kiende kwanza, kwani bila kisu hakuna mzinga, hakuna mtambo, hakuna kitu. Siku hizi sehemu ya wolframi ya dunia inachimbwa kwa jirani zetu, katika mgodi wa Nyakabingo nchini Rwanda, na inawezekana kabisa kwamba ncha ninayoitumia kesho imeanzia huko.

Jambo moja lilimshangaza kijana kuliko yote. Nilimwambia kwamba wakati mwingine kusogea karibu kunaharibu. Alibisha. Kila gemu limemfundisha kwamba ukikaribia, namba inapanda. Lakini risasi ya chuma tupu ikigonga kwa kasi kubwa mno bamba ambalo uso wake umefanywa mgumu, inaweza kupasuka yenyewe kabla haijaingia. Umbali ukiongezeka kidogo, kasi inapungua, risasi inabaki nzima na inapita. Umbali ukizidi tena, kasi haitoshi na risasi inagoma. Waingereza waliyaona mambo haya jangwani Afrika Kaskazini na mzinga wao wa pauni 2, dhidi ya vifaru vya Wajerumani vilivyoongezewa mabamba ya uso mgumu. Dawa ilikuwa imejulikana kwa wanamaji tangu karne ya 19, na anayesifiwa mara nyingi ni admirali Mrusi Stepan Makarov: ivishe ncha ngumu kofia ya chuma laini. Kofia inapokea pigo la kwanza na kulitawanya, ncha iliyo chini yake inasalimika na kuendelea. Mtu anayeanza kuchimba tundu kwenye chuma kigumu bila kuweka alama kwanza anaijua shida hiyo. Keekee inaruka au inakatika.

Gemu zenyewe sizidharau hata kidogo. World of Tanks huitikisa ile namba kila risasi inapoondoka, hadi asilimia 25 juu au chini. Maana yake 145 ya mpwa wangu inaweza kufika 181 au kushuka hadi 109, na hajui ipi itatoka. Wachezaji wengi wanakichukia kitendo hiki, wanaona wamedhulumiwa. Mimi naona ndiyo sehemu iliyo karibu zaidi na ukweli, kwa sababu bamba na bamba hazifanani, wala risasi na risasi. Wanaocheza michezo ya vita mezani, kwa ramani na vipande vya kadibodi, walilikubali jambo hilo zamani kwa kurusha dadu. War Thunder, gemu jingine la vita, imekwenda njia nyingine: inakokotoa uwezo wa risasi nyingi za zamani kwa kanuni ya Mfaransa Jacob de Marre ya karne ya 19, ikiingiza uzito, upana na mwendo. Faida yake ni kwamba mizinga ya nchi zote inapimwa kwa rula moja, na ile lumbesa inaondoka. Kasoro ni kwamba kanuni haijui tanuri lilikuwa na siku gani.

Na watu wanazijali namba hizi kwa kiasi cha kutisha. Mwaka 2021 mchezaji mmoja wa War Thunder alibandika mtandaoni kurasa za mwongozo wa kijeshi wa kifaru cha Kiingereza cha Challenger 2, ili kuthibitisha tu kwamba gemu limekikosea. Siri ya nchi, kwa ajili ya hoja ya gemu. Simcheki, nauelewa uchungu wa kuona kitu unachokijua kimeandikwa vibaya. Lakini angekuwa mpwa wangu ningekaa naye usiku kucha.

Nilimwonyesha picha ya Tiger iliyo kwenye jumba la makumbusho la vifaru la Bovington, Uingereza. Inaitwa Tiger 131, na injini yake bado inawaka. Huitoa nje watu wakaiona ikitembea. Ilitekwa Tunisia Aprili 1943. Mbele yake ina milimita 100 za chuma kizuri. Iliyoishinda ilikuwa risasi ya mzinga wa pauni 6, wa milimita 57, ambao ukisoma jedwali utasema hauna lake mbele ya uso ule. Na kweli haukuutoboa. Risasi iligonga chini ya mtutu, ikateleza, ikajipachika pale kichwa cha kifaru kinapokutana na mwili. Kichwa kikakwama, hakigeuki tena. Wajerumani wakatoka wakakiacha.

Lugha yetu ilichagua vizuri ilipokiita chombo hiki kifaru. Wengi wa rika langu neno hilo kwa maana ya chuma tulilisikia kwa mara ya kwanza katika masimulizi ya Vita vya Kagera, na tulipokuwa watoto tuliwaza ngozi tu, ngozi isiyopitika. Lakini hata mnyama mwenyewe ngozi yake si moja mwili mzima. Kwenye mikunjo ni nyembamba. Panther lile lenye uso wa milimita 140 za mshazari lina milimita 40 ubavuni, chini nyuma ya magurudumu. Mwaka 1954 maabara ya jeshi la Marekani huko Aberdeen, Maryland, ilichambua mapambano 98 ya vifaru yaliyotokea Ulaya kati ya Agosti na Desemba 1944. Nani alimwona mwenzake kwanza akapiga kwanza, hilo lilikuwa na uzito kuliko mambo mengi yanayobishaniwa kwenye majedwali. Anayepiga kwanza mara nyingi alijificha mahali pa kuuona ubavu wa mwenzake.

Hata baada ya bamba kupitwa, namba imekwisha kazi yake na hatima bado. Sherman za mwanzo ziliweka risasi zao juu ya minyororo, mbavuni. Zikitobolewa, kati ya asilimia 60 na 80 ziliungua. Baadaye risasi zilihamishiwa sakafuni ndani ya masanduku yaliyozungukwa na maji, na kiwango kikashuka hadi asilimia 10 hadi 15. Mabamba ni yaleyale, mzinga wa adui ni uleule, tundu ni lilelile. Watu watano ndani ya kila kimoja, na wengi wao walitoka hai kwa sababu mtu alihamisha rafu.

Kijana alikuwa amekwisha kuzima mlio wa gemu. Akaniuliza kama kuna watu wa kwetu waliowahi kusimama mbele ya vifaru wakati ule bila kuwa na mzinga wowote. Nikamsimulia habari za Colito.

Ni Ethiopia, tarehe 19 Mei 1941. Batalioni ya 1/6 ya King's African Rifles, ambao wazee wetu waliwaita Keya, ilikuwa imevuka mto Billate. Batalioni za namba 6 zilikuwa za Tanganyika, na lugha ya amri humo ilikuwa Kiswahili. Vifaru vya Waitaliano vikatokea vichakani na kuwashambulia kutoka nyuma. Sajenti Nigel Leakey, mzaliwa wa Kenya, alikuwa na mota (bomba la kurushia mabomu) ya inchi 3 ambayo mabomu yake yalikwisha. Akakimbilia kifaru kilichokuwa karibu, akapanda juu yake, akakivuta kifuniko kikafunguka, akawapiga waliokuwa ndani kwa bastola. Akamwacha dereva mzima, akamlazimisha kukiendesha hadi kwenye maficho. Alijaribu kuutumia mzinga wake ukakataa. Akashuka kuvifuata vingine kwa miguu chini ya risasi. Viwili vikampita. Akakirukia cha tatu, akafungua kifuniko, akamuua mmoja, na hapo bunduki ya kifaru cha nne ikamwangusha. Alipewa Victoria Cross, nishani kuu ya ushujaa ya Uingereza, mwaka 1945, miaka minne baada ya kufa.

Hakwenda peke yake kuvinyemelea. Hati ya nishani inasema alifuatana na sajenti meja wa kompania, Mwafrika, na askari wengine wawili. Inawataja kwa vyeo tu. Watu watatu wa Keya walitembea kuelekea chuma ambacho hawakuwa na silaha ya kukitoboa, katika uwanja uliokuwa ukifagiliwa na risasi, wakijua kwamba kilichobaki ni kukifikia kwa mikono.

Mpwa wangu alirudisha kile kipande cha kabaidi kiganjani mwangu. Akauliza kifuniko cha kifaru cha Kiitaliano kilikuwa na uzito gani, na kama mtu mmoja anaweza kukiinua kutoka nje huku chombo kinatembea. Nikachukua karatasi nikamchorea bawaba.